Nani Mwenye Haki ya Kusema Taifa Limekwisha?

Juni 2004 serikali ya shirikisho ya Marekani ilikataa kuwatambua Wanipmuc kuwa taifa la wenyeji wa asili, ikidai hawakuthibitisha kwamba jamii yao imedumu bila kukatika. Toleo hili linaipinga hukumu hiyo. Kigezo kinachowataka walioporwa waonyeshe mwendelezo wa maandishi kinampa mporaji faida ya uporaji wake.

Tuanze na Wawaus, Mnipmuc mzaliwa wa Hassanamesit, mahali panapoitwa leo Grafton, katikati ya Massachusetts. Wakoloni walimwita James Printer kwa sababu ya kazi yake: ndiye aliyesaidia kupanga herufi za Biblia iliyochapwa Cambridge mwaka 1663 kwa lugha ya wenyeji, Biblia kamili ya kwanza kuchapwa katika bara la Amerika. Elimu hiyo haikuwa kinga kwa watu wake. Vita kati ya wakoloni na wenyeji vilipozuka mwaka 1675, wenyeji Wakristo, Wanipmuc wakiwamo, walihamishiwa kwa nguvu kisiwa cha Deer karibu na Boston, na wengi wakafa kwa njaa na baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1720, ekari 7,500 za Hassanamesit zikaingia mikononi mwa walowezi. Fedha za mauzo ya ardhi hiyo zikakabidhiwa wadhamini wa kikoloni, na hazikutunzwa. Mwaka 1869 sheria ya Massachusetts ikawapa wenyeji uraia huku ikifuta hadhi yao ya pekee. Anayechoma daftari hana uso wa kudai hesabu.

Wapo watakaosema kwamba bila vigezo kila kikundi kitajiita taifa. Ni kweli vigezo vinahitajika, lakini viupime pia mchango wa serikali yenyewe katika kuzifuta kumbukumbu. Wengine watasema Wanipmuc walioana mno na Waamerika weusi hata wakapotea. Hoja hii inasahau kwamba makarani ndio waliowaandika kuwa weusi tu. Ukoo haukatiki kwa ndoa. Tena ushahidi upo ardhini: ekari chache za Hassanamisco, mabaki ya Hassanamesit huko Grafton, hazijawahi kutoka mikononi mwa Wanipmuc, na jimbo la Massachusetts limewatambua tangu 1976.

Msomaji, zisome makala zinazofuata ukijua kwamba zinahusu watu walio hai. Wanipmuc wapo, na serikali ya shirikisho inapaswa kulifungua upya shauri lao.