Jenereta tumenunua, kengele ya betri anaisikiliza nani?

Stima ilipozimika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, picha iliyobaki vichwani ni ya abiria waliokaa gizani uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Jenereta ya majengo makuu ya abiria ilikuwepo, lakini haikuwaka. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Giza likarudi Novemba na Desemba mwaka huo huo, na 2024 pia.

Jawabu letu hapa Pwani limekuwa kununua: jenereta ya zahanati, inveta ya msikiti, betri za ofisi. Kinachosahaulika ni betri. Jenereta inayojiwasha yenyewe huzungushwa na betri, na zile sekunde kabla haijashika, mashine hubebwa na betri.

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua. Hujaza betri ya volti 12 kwa nguvu hadi kama volti 14.4, kisha hushuka hadi karibu 13.6 na kuishikilia hapo, hata kwa miezi. Huko kushikilia ndiko kunakoua betri zetu polepole. Viwango hivyo kwa kawaida vimepimwa kwa joto la nyuzi 25, na chumba cha mabati Malindi wakati wa kaskazi, mlango umefungwa, nyuzi 25 hakizijui. Kukiwa na nyuzi 35, volti hizo za kushikilia zinatakiwa zishushwe kama 0.2. Zisiposhushwa, betri ya maji hukauka na iliyozibwa hufura. Hata zikishushwa, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu, kwa hiyo tundu la hewa ukutani lina faida kuliko betri ya ziada. Na fundi akileta betri za lithiamu akaacha chaja ikiwa na mpangilio wa zile za zamani, hapo ni pesa kutupwa baharini.

Sasa kengele. Vifaa vingi hulia stima ikikatika, na kwetu stima hukatika mno, basi mlinzi huinyamazisha, naye ana haki. Kengele ya kuogopwa ni nyingine: stima ipo, taa zinawaka, lakini chaja imekufa. Hakuna anayegundua mpaka usiku wa giza, betri ikiwa imeshajimaliza. Kengele hizo mbili zisilie kwa sauti moja, na ya pili itume ujumbe kwenye simu ya mtu mwenye jina. Onyo la betri kupungua nalo lije mapema, kwenye volti 12 hivi. Likingoja 10.5, inveta ndiyo inazima, na friji ya chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 huanza kupata joto.

Haya yote hayahitaji tenda mpya. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kaunti hupenda kuzindua vifaa, kukata utepe na kupiga picha. Kwenye vikao vya maoni ya bajeti tuulize mambo mawili kwa kila zahanati: betri zilipimwa lini zikiwa zimebeba mzigo, na chaja ikifa saa nane usiku, inalia simu ya nani?