Sauti ya Kisiwani: Mzee Katika Nafasi ya Kijana



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ya ugomvi uliotokea sebuleni kwangu, hapa Bumbire, kwa sababu ya mchezo wa televisheni. Msicheke. Ugomvi ule ulinionyesha kosa langu mwenyewe, na kosa hilo sikulitenda mbele ya televisheni, bali mbele ya Halmashauri ya Walei, nikiwa na kalamu mkononi. Lakini tuanze mwanzo.

Mpwa wangu anasoma chuo huko Mwanza. Alipokuja kutusalimu mwanzoni mwa Kwaresima alileta kompyuta yake, na ndani yake mlikuwa na michezo mingi. Mmoja unaitwa Doctor Who, nao ni wa BBC, shirika la utangazaji la Uingereza. Vijana wa jirani waliutaka huo kwa sababu moja tu. Walisikia kwamba tangu mwaka 2023 hata 2025 mchezaji wake mkuu alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, ambaye jamaa zake walikimbilia Uskoti wakati wa mauaji ya mwaka 1994, yeye akiwa mtoto mdogo. Rwanda si mbali na sisi watu wa Kagera. Basi wakasema, "Tumtazame mtoto wa jirani." Wakamtazama, wakampenda. Kisha wakataka kuwajua waliomtangulia, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ulianza tarehe 23 Novemba 1963. Kuna msafiri mmoja, jina lake Daktari tu, ambaye husafiri katika nyakati zote na kati ya nyota zote. Chombo chake kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi, na kwa ndani ni kikubwa kuliko kanisa letu. Mchezaji wa kwanza, William Hartnell, alianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 55. Kufika mwaka 1966 afya yake ilikuwa imedhoofika, asiweze kuendelea. Watu wengine wangaliufunga mchezo. Wenye mchezo huu wakapata shauri la ajabu: Daktari si mtu kama sisi, naye akikaribia kufa mwili wake hugeuka, akapata sura nyingine na mwendo mwingine, lakini ni yeye yule. Basi tarehe 29 Oktoba 1966 watazamaji wakamwona Hartnell amelala chini, na mara uso wake ukawa uso wa Patrick Troughton. Tangu siku hiyo mchezo haufi kwa sababu ya mchezaji. (Hiyo ni hadithi, wazazi, wala si mafundisho ya imani. Watoto wakiuliza, waambieni hivyo.)

Kwetu si desturi yetu. Kwetu jina la mchezo humganda mtu kama ngozi. Amri Athuman, ambaye sote tulimwita King Majuto, alipofariki tarehe 8 Agosti 2018, nani angethubutu kusimama na kusema, "Leo mimi ndiye Majuto"? Tungemzomea. Tulimzika mtu, na kicheko kile tukakizika pamoja naye. Kwa hiyo nilitazama jambo hili la Waingereza kwa mshangao: je, watu hukubali kweli kupewa mtu mwingine na kuambiwa ni yuleyule?

Jibu ni hili: hukubali, lakini kwanza hunung'unika sana.

Angalieni yaliyotukia mwaka 2013. Mwenye nafasi hiyo alikuwa Matt Smith, aliyechaguliwa akiwa na miaka 26. Hapakuwa na kijana kuliko yeye tangu mchezo uanze. Mwepesi, mcheshi, mwenye nywele za kuangukia usoni, alipendwa na wengi, hasa wasichana. Akaaga. Tarehe 4 Agosti 2013 BBC ikatangaza moja kwa moja jina la atakayemfuata, na watu zaidi ya milioni 6 wakakaa kitako kusubiri kana kwamba wanangoja moshi mweupe wa Roma. Aliyetoka alikuwa Peter Capaldi wa Glasgow, mtoto wa watu waliouza aiskrimu. Umri wake: miaka 55. Mvi kichwani, makunyanzi usoni, nyusi kama za hakimu.

Wengi walifurahi, maana walijua ni mchezaji hodari. Lakini wengine, na hasa vijana waliomzoea Smith, wakapiga kelele: ati ni mzee mno, ati ni babu, ati nani atakayempenda. Wengine wakafanya mzaha, kwa kuwa alijulikana kwa mchezo mmoja wa siasa ambamo kazi yake ilikuwa kutukana watu asubuhi hata jioni.

Wengi wa walalamikaji walisahau mambo mawili. La kwanza, umri wake ulikuwa sawasawa na umri wa Hartnell, yule wa kwanza kabisa. Mzee huyu hakuwa ameingia katika kiti cha vijana. Kiti kilianza kuwa cha mzee. La pili, Capaldi aliupenda mchezo huo tangu utoto wake. Alipokuwa na miaka 15, mwaka 1974, gazeti la Radio Times lilichapisha barua yake ya kuusifu. Vijana waliomwita mgeni walikuwa hawajazaliwa bado alipokuwa akingoja mlangoni.

Sebuleni kwangu mambo yalikuwa vilevile. Capaldi alipotokea tu, binti mmoja wa jirani akasema, "Zima! Mrudishe yule kijana!" Mpwa wangu akamtetea mzee. Wakaanza kugombana kwa sauti, hata mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage pale pembeni na hajui neno la Kiingereza, akainua kichwa akasema, "Mwacheni. Huyu ndiye mtu mzima. Yule mwingine alikuwa akirukaruka kama mbuzi." Tukacheka, tukaendelea kutazama.

Sehemu ile ya kwanza ya Capaldi ilitolewa tarehe 23 Agosti 2014, na kwa hesabu ya mwisho waliitazama Waingereza zaidi ya milioni 9. Nami nawaambieni, aliyeitunga alijua manung'uniko ya watu, akayatia ndani ya mchezo wenyewe. Daktari ana mwenzake wa safari, msichana aitwaye Clara. Alimzoea kijana, na sasa amepewa mzee. Haulizi kama mzee huyu ni mwema au mbaya. Anauliza tu jinsi ya kumrudisha yule wa zamani. Mwishoni anapigiwa simu. Anayempigia ni yule kijana mwenyewe, aliyepiga kabla mwili wake haujageuka. Anamwomba Clara asimwache huyo mzee, maana mzee ana hofu kuliko yeye. Na mzee amesimama pale pale akisikia. Kisha anamwambia Clara jambo lililonichoma: kwamba anamtazama, lakini hamwoni.

Binti wa jirani akanyamaza. Mimi nikatoka nje, nikajifanya naangalia kuku.

Sasa sikieni kosa langu.

Kila Ijumaa Kuu vijana wa parokia yetu huigiza Njia ya Msalaba. Kwa miaka saba kijana mmoja alikuwa akishika nafasi ya Bwana Yesu. Kijana mzuri, mrefu, mwenye sauti. Akina mama walilia kila mwaka. Lakini mwaka huu alihamia bara kutafuta kazi, na katika mkutano wa Halmashauri tukauliza nani atamrithi. Vijana wote wakatazama chini. Kila mmoja aliogopa kulinganishwa naye. Ndipo mzee mmoja, fundi wa kuchonga mitumbwi, mwenye miaka sitini na ushei, akainua mkono polepole, akasema, "Kama hakuna, nitabeba mimi."

Mimi, karani, niliyesomea ualimu, niliyefundishwa chuoni nisimcheke mwanafunzi anayejaribu, nilicheka. Nikasema, "Tata, Bwana wetu alikufa na miaka thelathini na mitatu. Wewe utatuonyesha Kristu mwenye wajukuu?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akacheka nao kidogo, akaketi. Paroko akasema tutaliangalia jambo hilo tena. Nami katika kumbukumbu za mkutano nikaandika: "Nafasi ya Yesu, hajapatikana mtu." Uongo mtupu. Mtu alipatikana, nami nilimwona akiinua mkono.

Usiku ule wa mchezo sikulala vema. Nilikumbuka jambo ambalo kila mtu wa Bukoba na Muleba yampasa kulikumbuka. Tarehe 28 Oktoba 1958 Makardinali walimchagua Yohane wa Ishirini na Tatu kuwa Baba Mtakatifu. Alikuwa na miaka 76, mfupi, mnene, baada ya Pio wa Kumi na Mbili aliyekuwa mrefu na mwembamba, na aliyezoeleka kwa miaka 19. Wengi walidhani ni mzee wa kushikilia kiti tu kwa muda. Hata miezi mitatu haijatimia, tarehe 25 Januari 1959, akatangaza Mtaguso Mkuu. Na mwezi Machi 1960 ni mzee huyo huyo aliyemfanya Askofu wetu, Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu hizi. Kama Makardinali wangalisema, "Mzee mno," nani ajuaye wazee wetu wangalingoja mpaka lini siku ile ya furaha?

Asubuhi nikateremka ufukoni. Nilimkuta mzee akiziba ufa wa mtumbwi. Nikamwamkia, nikapiga goti, nikasema, "Tata, nimekuja kuomba radhi kwa maneno ya mkutanoni."

Akaendelea na kazi. Kisha akasema, "Karani, ulisema kweli. Wajukuu ninao."

"Hata hivyo haikunipasa kusema."

"Haikukupasa." Akanyamaza kidogo. "Msalaba ule nani aliuchonga?"

Sikujua. Miaka yote nimeandika majina ya waigizaji, na sikuwahi kuuliza habari ya msalaba.

"Niliuchonga mimi," akasema. "Kila mwaka kijana yule alikuja hapa nimwonyeshe namna ya kuubeba. Najua unapouma bega. Lakini kuubeba hapa ufukoni ni kitu kimoja, na kuubeba mbele ya watu ni kingine. Naogopa, mwanangu. Usidhani siogopi."

Nikarudi ofisini, nikaandika jina lake katika orodha.

Mnajua kwamba Ijumaa Kuu huja karibu na mbalamwezi, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika. Kwa hiyo siku hiyo kanisa letu hujaa kuliko siku nyingine. Mzee alipotokea amevaa kanzu nyeupe, watoto wa mbele walichekacheka. Nikasikia pia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Yule wa mwaka jana alikuwa bora." Sikugeuka, kwa maana majuma machache nyuma sauti ile ilikuwa yangu.

Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza. Yule kijana wa zamani alikuwa akianguka vizuri na kuinuka vizuri. Mzee alianguka, na hakuinuka upesi. Alijaribu, goti likakataa. Tukakaa kimya, hatujui kama ni mchezo au ni kweli. Aliyepangiwa kuwa Simoni wa Kirene, ambaye zamu yake ni kituo cha tano, hakungoja. Alitoka mbio, akashika mti wa msalaba pamoja naye, wakainuka. Hakuna aliyemrudisha mahali pake. Watoto hawakucheka tena mpaka mwisho.

Tulipokuwa tunatoka, bibi mmoja aliniambia, "Karani, miaka mingi nimemwona Bwana akipendeza. Mwaka huu nimemwona amechoka." Sikuwa na la kumjibu.

Sisemi kwamba kila mzee anafaa kila nafasi. Yuko mzee asiyefaa, kama alivyo kijana asiyefaa. Capaldi naye aliishika kazi yake hata Krismasi ya mwaka 2017, akaiacha kwa heshima, na baadhi ya walionung'unika alipoingia ndio walioona uchungu alipotoka. Kisha wakaanza kumnung'unikia aliyemfuata, Jodie Whittaker, kwa kuwa ni mwanamke. Ndivyo tulivyo watazamaji. Aliyekwenda tunamtia chumvi, aliyekuja tunamnyima hata maji.

Nasema hili tu. Katika jumuiya zenu, katika kwaya, shuleni, hata nyumbani anapokuja mama wa kambo au baba mkwe kukaa kwenu, atatokea mtu katika nafasi iliyokuwa ya mwingine. Msimtafute ndani yake yule aliyeondoka, hayumo. Mtazameni yeye mwenyewe, mara mbili, mara tatu, mpaka mmwone. Na mkumbuke kwamba huenda anaogopa kuliko ninyi.

Kama mliwahi kumcheka mtu wa namna hiyo, njia ya kwenda kwake si ndefu. Yangu ilikuwa ya kuteremka ufukoni tu.

Ni mimi, karani wenu wa kisiwani.