Koti la Mvua: Ni Plastiki au Ni Nguo?

Masika yaanzapo Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, sura ya mji hubadilika kwa muda mfupi. Abiria washukao Posta ya Zamani na Posta Mpya hujibanza chini ya mabaraza ya maduka, na papo hapo hutokea wachuuzi wenye makoti ya mvua ya kila rangi. Makoti hayo mengi hutoka Kariakoo, nako Kariakoo hufika kwa njia ya bandari. Kwa mnunuzi yote ni makoti ya mvua. Kwa afisa wa forodha, makoti matatu yanayofanana yaweza kuwa bidhaa tatu mbalimbali. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na hapo ndipo sayansi ifundishwayo katika shule za sekondari ingepaswa kufanya kazi yake.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi forodha inavyozipanga bidhaa. Nchi za Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, hufuata mfumo mmoja wa uainishaji unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, Ubelgiji. Mfumo huo ulianza kutumika tarehe 1 Januari, 1988. Ndani yake kila bidhaa, kuanzia punda hadi ndege, ina namba ya tarakimu sita. Tarakimu mbili za mwanzo huonyesha sura; nne za mwanzo huonyesha fungu. Sura ya 39 ni ya plastiki, ya 40 ni ya mpira, na ya 62 ni ya nguo za kushonwa, mbali na zile za kufumwa kama sweta na fulana, ambazo zimo katika Sura ya 61. Koti la mvua halina sura yake peke yake. Mfumo hauulizi tu kitu hufanya kazi gani. Huuliza pia kimetengenezwa kwa nini.

Na yachukuliwe makoti matatu. La kwanza limekatwa katika karatasi ya plastiki tupu na kuunganishwa kwa joto. Halina uzi hata mmoja. Hilo ni vazi la plastiki, na mahali pake ni fungu la 39.26. La pili limeshonwa kwa kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki upande wa ndani, na utando huo waonekana kwa macho matupu. Hilo huenda fungu la 62.10. La tatu limeshonwa kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia maji, lakini dawa hiyo haionekani. Mfumo hulihesabu kuwa koti la kitambaa cha kawaida, na kuliweka katika fungu la 62.01 ikiwa ni la kiume, au la 62.02 ikiwa ni la kike. Kubadilika kwa rangi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kuonekana kwa utando. Tena, kitambaa kikifunikwa chote kwa plastiki pande zote mbili, na plastiki hiyo ikaonekana, hurudishwa katika Sura ya 39.

Basi ugumu uko wapi? Sehemu kubwa ya ugumu imo katika maneno. Katika lugha ya sokoni neno "nailoni" hutumika kwa plastiki yoyote nyembamba. Mifuko iliyopigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni, 2019, wengi waliiita mifuko ya nailoni, ilhali ilikuwa ya polithini. Nailoni ya kweli ni kitu kingine kabisa: iligunduliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, nayo husokotwa kuwa nyuzi na kufumwa kuwa kitambaa. Mfanyabiashara aandikapo "makoti ya nailoni" katika hati zake, huenda anakusudia plastiki tupu. Afisa aisomapo hati hiyo huelewa kitambaa. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa lugha yake, na mzigo unangoja.

Kungoja huko si jambo dogo. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na ngazi nne za ushuru wa pamoja: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kwa mfano wa hesabu tu, mzigo wenye thamani ya shilingi 10,000,000 ukitozwa asilimia 25 hulipiwa ushuru wa shilingi 2,500,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani shilingi 2,250,000. Jumla ni shilingi 4,750,000. Mzigo huo huo ukihamishiwa ngazi ya asilimia 35, jumla huwa shilingi 5,930,000. Tofauti ni shilingi 1,180,000, kabla ya tozo nyingine na gharama za kuchelewa. Kwa mwenye duka dogo la Mtaa wa Kongo, fedha hizo zaweza kuwa faida yote ya msimu.

Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia taratibu za kodi, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuzungumza nao. Mambo yaliyolalamikiwa yalikuwa mengi, wala si haki kuyapunguza yote kuwa suala la uainishaji. Hata hivyo tukio hilo lilionyesha jinsi imani inavyopungua pale mlipaji asipoona sababu ya kiasi anachotozwa. Neno la afisa peke yake halitoshi kuijenga imani hiyo. Sababu inayoweza kupimwa na pande zote mbili yaweza kuijenga.

Na sababu hiyo, kwa koti la mvua, hupimika kwa vifaa vya darasani. Mwanafunzi akate kipande kidogo kwenye ukingo na kukitazama kwa lenzi. Akiona mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kitambaa kipo; asipoona uzi wowote, hiyo ni plastiki au mpira mtupu. Kisha akitumbukize kipande cha plastiki ndani ya maji yenye tone la sabuni na kuondoa mapovu: polithini huelea, PVC na nailoni huzama. Kuchoma vipande hivyo darasani hakufai, kwani PVC ikiungua hutoa hewa yenye sumu.

Liko pia jaribio lililoandikwa katika kanuni zenyewe: kitambaa chenye utando hukunjwa kwa mkono kuzunguka mche wa duara wenye kipenyo cha milimita 7, katika joto la kati ya nyuzi 15 na 30 za Selsiasi. Kikivunjika, kwa kawaida huhamia Sura ya 39. Makoti mengi hupita jaribio hili bila taabu, lakini fundisho lake ni kubwa. Unene wa penseli ya kawaida unakaribia milimita 7. Na mchana wa Februari katika Dar es Salaam joto huweza kuzidi nyuzi 30, hivyo mpimaji asiyetazama kipimajoto hajafanya jaribio la kisheria.

Wako wasemao kwamba ingekuwa rahisi makoti yote ya mvua yapewe fungu moja. Hoja hiyo yavutia, lakini haiondoi mpaka, huusogeza tu. Baada ya koti litakuja turubai, kisha kitambaa cha meza, kisha mkoba. Mpaka ulio wazi na unaopimika ni bora kuliko mpaka unaohamahama.

Kinachohitajika ni mambo mawili. Kwanza, jedwali la ushuru la Jumuiya, ambalo limeandikwa kwa Kiingereza, lipatiwe tafsiri sanifu ya Kiswahili, Baraza la Kiswahili la Taifa likishirikiana na wanakemia na maafisa wa forodha, ili nailoni iwe nailoni na polithini iwe polithini. Pili, walimu wa kemia na fizikia waingize majaribio haya katika masomo yao. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humpa mwagizaji asiyeridhika siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Haki hiyo haina nguvu kwa mtu asiyejua kueleza bidhaa yake ni kitu gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye majina yasiyo sahihi halina tofauti kubwa na kukosa daftari.