Land Rover ya zamani: tutengeneze ao tuache?



Pale Komanda, nyuma ya depo ya kooperative moja ya kakao, kuko Land Rover ya Série III, ile aina iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 1971 na 1985. Imelala chini ya mwembe miaka sita. Kwenye mkutano uliopita, komite ilileta hesabu ya mekanisiye: dola 4500 ili itembee tena. Hiyo ni karibu akiba yote ya msimu. Wazee walipiga makofi. Mimi, agronome wao, niliomba neno nikapinga, na tangu siku ile kuko wenye hawanisalimie vizuri.

Wazee ninawaelewa. Ile gari ilipeleka mama zetu kujifungua Bunia wakati barabara ilikuwa matope tupu. Lakini hiyo ni shukrani, haiko hesabu. Kule Ulaya watu wanatengeneza Land Rover za zamani na kuziuza bei kali, juu kuko wenye kulipia uzee wake. Hapa kwetu nani atatulipa uzee? Hapa bei ya gari ni kilo inazobeba.

Basi tuhesabu. Tuseme kooperative inauza tani 10 za kakao kavu kwa mwaka, na gari inabeba kilo 800 bila kuumia. Ni safari 13. Tuseme kukodi gari ni dola 100 kwa safari: dola 1300 kwa mwaka. Hata kama mazuti, dereva, mipira na makaratasi vingekuwa bure, ile 4500 ingerudi kisha miaka mitatu na nusu. Na unajua vizuri haviko bure. Tena, mwaka 2021 tuliona gari zikichomwa kwenye njia ya Komanda–Luna. Gari ya kukodi ikichomwa, tunalia mzigo. Ya kwetu ikichomwa, tunalia mzigo pamoja na akiba.

Kooperative zingine nazo ziko na gari ya namna hiyo kwenye kiwanja. Msidanganywe na rangi. Karosri ya Land Rover ni ya aliminiamu, haishikwi kutu. Shasi ni ya chuma, na kutu yake inaanzia ndani. Mbele ya kulipa hata dola moja, ingieni chini na nyundo, mupige shasi yote. Ikilia safi, kuko mazungumzo. Nyundo ikizama, mambo imekwisha.

Upande wangu, ninaona kakao yetu inapoteza bei mbele haijafika barabarani. Inaanikwa chini, mvua inaikuta, inashika kuvu. Sehemu tu ya zile makuta ingejenga makasha ya kuchachusha na meza za kukausha, ili unyevu ushuke mpaka asilimia 7 hivi, namna wanunuzi wanavyoomba.

Nitabadilisha mawazo siku shasi itaonekana nzima, na kooperative tatu za jirani zitaandika kwamba mzigo wao utapita kwenye ile gari. Siku ile nitaisukuma mimi mwenyewe.

Kwenye mkutano mkuu, mbele ya kunyoosha mkono, komite ilete kitabu cha mauzo, si hesabu ya garaji peke yake.