Fundi akiwa juu ya paa, maisha yake yako mikononi mwako

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaofanya kazi Nairobi au Nakuru ilhali nyumbani kwenu ni Chepseon, huko Kericho, na umetuma pesa ili wazee wafungiwe intaneti. Ni jambo jema, kwani nyanya atawaona wajukuu wake. Lakini je, umejiuliza fundi atapanda paa saa ngapi, na atakuwa amejikinga na nini?

Wengi huogopa miale ya antena. Ni kweli kwamba mwaka wa 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Hata hivyo, redio ndogo ya intaneti hutoa nguvu kidogo, na nguvu hiyo hupungua upesi kadiri mtu anavyokaa mbali nayo. Inatosha fundi aizime kabla ya kusimama mbele yake.

Kuna hatari tatu zinazoweza kuua upesi zaidi, nazo ni kuanguka, stima na radi.

Mabati yaliyolowa mvua au umande huteleza. Kwa kila futi 4 ambazo ngazi inapanda, mguu wake uwe futi 1 kutoka ukutani, na mtu mwingine aishikilie. Fundi avae mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara. Anayeanguka kutoka paani anaweza kuvunjika uti wa mgongo na asitembee tena.

Kuhusu stima, mlingoti wa chuma usimamishwe mahali ambapo, hata ukianguka, hauwezi kufikia nyaya. Nyaya za kuingia nyumbani hubeba volti 240, na zile za nguzo ndefu hubeba 11,000 au zaidi. Mtu akinaswa, usimguse kabla stima haijazimwa, la sivyo mtakuwa majeruhi wawili.

Radi nayo si mgeni katika nchi ya majani chai. Kericho inajulikana kwa ngurumo na mvua ya mawe, na mara nyingi mawingu hukusanyika alasiri. Kwa hivyo kazi ya paani ifanywe asubuhi. Ngurumo ikisikika, fundi ashuke mara moja, na asipande tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Tusisahau kwamba tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya nchini Uganda, radi moja iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao.

Ndiyo maana mlingoti lazima uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na chuma kilichopigwa ardhini, na chuma hicho kiunganishwe na kile cha stima ya nyumba. Hata hivyo wazee wachomoe mitambo mapema, kabla mvua ya radi haijafika.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007. Lakini ni mkaguzi gani atakayefika kwenu kumtazama kijana aliyeitwa kwa kazi ya siku moja? Kwa maoni yangu, mwenye pesa ndiye mkaguzi. Kabla ya kuuliza bei, uliza kuhusu mkanda, msaidizi, nyaya za stima na waya wa ardhini. Fundi akitaja gharama ya vitu hivyo, usimwambie apunguze. Akikupigia simu saa nane kusema mawingu yametanda, mwambie arudi kesho.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii inayo kinga, nayo huanza na wewe unayelipa.