Usinunue Kiwanja, Nunua Mahali

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, tangu ianze habari ya lami ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Pangani, ukanda huu wa Mkange umekuwa na madalali wengi. Swali la kwanza la mnunuzi ni, "Eka bei gani?" Mimi naona hilo liwe la mwisho. Nyumba unaweza kuibomoa ukajenga nyingine, lakini majirani, mto na njia ya tembo huwezi kuvihamisha.

Anza na maji. Chukua mfano: familia inatumia madumu matano ya lita 20 kwa siku, na kila dumu ni shilingi 500. Hiyo ni 2,500 kwa siku, sawa na 912,500 kwa mwaka. Kiwanja kilichopunguzwa bei kwa laki tano kwa kuwa kiko mbali na kisima kimekula punguzo lote kabla mwaka haujaisha.

Pili, kaguaneni na masika. Dalali hukuleta kiangazi, ardhi imekauka. Rudi mwezi wa nne uone maji yanasimama wapi na njia inapitika vipi. Kwa wanaotamani rutuba ya kando ya Wami, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lima bondeni kwa utaratibu unaoruhusiwa, lakini lala mlimani.

Tatu, uliza wanyama. Tuko jirani na Hifadhi ya Taifa Saadani. Usimuulize muuzaji, waulize wenye mashamba ya jirani kama tembo hupita na nani hulinda mahindi usiku. Uliza pia ng'ombe hupitishwa wapi kwenda kunywa maji. Shamba lililokaa juu ya njia ya mifugo ni ugomvi ulionunua kwa fedha yako.

Nne, usijibane na barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Muuza duka anayejenga humo kufuata wateja anajenga cha kubomolewa.

Tano, watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka kijiji kisigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hata ukinunua kwa mtu binafsi, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji na halmashauri ya kijiji, na majirani wa pande zote wasimame kwenye mpaka. Wapo wanaosema huo ni usumbufu na dalali ana karatasi tayari. Nasema siku hiyo ndiyo utakapowafahamu majirani zako. Jirani anayekataa kuonyesha mpaka leo atakupeleka baraza la ardhi kesho.

Na wewe unayeuza shamba la urithi ili ununue kwingine, fanya uchunguzi huo kabla hujapokea hata shilingi. Fedha huisha haraka kuliko ardhi, na ukichagua vibaya watoto wako hawatakuwa na pa kurudi.

Nyumba njema si mlango. Zunguka kwanza, kaa ule chakula na wenyeji, ndipo uulize bei.