UKURASA WA NYUMBA: Rangi ya zamani kwenye plafo



Mama mmoja wa kijiji chetu hapa kambini alituletea barua ya kijana wake. Kijana alitangulia kurudi Bujumbura, akaikuta nyumba ya baba yake Bwiza bado imesimama. Mlango upo, mabati yapo, ila plafo ya chumba cha kulala imechoka: rangi inaning'inia kama maganda ya kitunguu. Fundi amemwambia hamna shida, anapiga lipu juu yake, inafunika yote, siku mbili kazi imeisha. Kijana anaomba pesa ya simenti. Mama akatuuliza: nitume au nisitume?

Tulimwambia asitume kwanza. Ukurasa wa mwezi huu ni kueleza kwa nini, maana tunajua si yeye peke yake mwenye barua ya namna hiyo.

Wakubwa mnaikumbuka Bwiza, ile wazee waliyokuwa wakiiita Belge. Avenyu kwa namba, nyumba zimebanana, matofali ya udongo, mabati juu, ua wa nyuma una jiko na bomba. Wengi walitoka huko na Buyenzi kwa miguu mwezi wa Machi 1995, wakaacha hata vyungu motoni. Nyumba iliyokaa miaka mingi hivyo imepita mikono mingi, na kila mkono umepaka rangi yake. Mwenye nyumba alipaka chokaa. Mpangaji akaweka rangi ya maji. Mwingine alipata debe la rangi ya mafuta, ya kijani, akaona ni maridadi. Chini ya hayo yote kuna moshi wa imbabura wa miaka, na madoa ya mvua, na mkojo wa popo, samahani kwa wanaosoma wakiwa mezani.

Sasa mtu anataka kutundika lipu juu ya mkusanyiko huo.

Si nadharia tunayowaambia. Nyumbani kwetu Bwiza, mwaka 1991, tulifanya kosa lilelile. Plafo yetu ilikuwa ya matete yaliyosukwa, yakapigwa udongo na chokaa, na juu yake rangi ya mafuta inayong'aa. Fundi alikuja, akaparuza kidogo kwa mwiko kama mtu anayekuna mgongo, kisha akapiga lipu ya simenti. Ilipendeza kweli. Majirani walikuja kuangalia. Wiki ya tatu, saa nane ya usiku, kipande chenye ukubwa wa mlango kilishuka juu ya kitanda cha watoto. Kwa bahati walikuwa wamehamia sebuleni kwa sababu ya joto. Kile kitanda cha mbao kilivunjika katikati. Asubuhi tuligeuza kile kipande tukakuta mgongo wake ni kijani kitupu, laini kama sahani. Simenti haikushika nyumba. Ilishika rangi, na rangi haikuwa imeshika kitu.

Tupige hesabu kidogo. Mita moja ya mraba ya lipu, unene wa sentimita moja, ina uzito wa karibu kilo 20. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, kwa hiyo zaidi ya kilo 200 ziko juu ya vichwa vyenu mkiwa mmelala. Ukutani lipu mbovu huporomoka pembeni, unafagia. Plafo haina pembeni.

Basi afanye nini huyu kijana? Kwanza ajue ana plafo ya namna gani. Kama ni tripleksi, lipu haina kazi hapo, aikwangue kwa maji kidogo, apake rangi mpya, basi. Kama ni mbao za kijivu ngumu, zile za saruji zinazovunjika kama kigae, asizikwangue wala kuzitoboa kabisa, kwa sababu za zamani nyingi zina asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu. Lipu ni kwa plafo ya zege, au ya matete na waya iliyokwisha kupigwa lipu tangu mwanzo.

Pili ajue ana rangi gani. Apitishe kiganja kilicholowa. Kiganja kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa au rangi ya unga, itatoka kwa maji na brashi, kazi ya jasho tu. Kiganja kikitoka safi, achukue kisu, akate mistari ya msalaba, abandike plasta ya kidonda au selotepu, aibandue kwa nguvu. Ikija na rangi, basi lipu nayo ingekuja siku moja. Na hata isipokuja, rangi ya mafuta inayong'aa haifai kuachwa hivyohivyo: ni kama kubandika unga wa ugali kwenye kioo. Halafu agonge plafo yote kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, lipu ya zamani yenyewe imeachia, nayo ishuke.

Kuhusu kukwangua tunataka mtusikilize vizuri, hasa kina mama. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa risasi, si ile ya bunduki, madini yenyewe, ili zing'ae na zikauke upesi. Nyeupe, njano, nyekundu na kijani ndizo za kushuku zaidi. Hatari yake ilijulikana zamani: mwaka 1921 kule Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Lakini madebe yaliendelea kuuzwa sehemu nyingi za dunia kwa miaka mingi baadaye. Siku hizi Umoja wa Mataifa unashauri nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 tu kwa milioni. Risasi ikiingia kwa mtoto inagusa ubongo: anakuwa mzito darasani, hasira za ovyo, tumbo kuuma, na wewe unadhani ni minyoo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa macho huwezi kuitambua. Kwa hiyo rangi yoyote ya mafuta ya zamani ichukulieni kwamba inayo.

Maana yake ni hii. Hapana kupiga msasa mkavu. Hapana kuichoma kwa moto wa gesi au makaa ili ilegee, moshi wake ndio sumu yenyewe. Loweka kwa maji yenye sabuni ya unga, subiri robo saa, kwangua ikiwa imelowa, loweka tena. Maji yanashuka mkononi mpaka kwapani, inaudhi, tunajua. Watoto na mwenye mimba wasiwe nyumbani siku hizo, waende kwa shangazi. Kitambaa cha puani kinasaidia kidogo tu, ni maji yanayozuia vumbi. Macho yafunikwe kwa miwani, maana chokaa ikidondokea jichoni unaweza kupoteza jicho. Maganda yote yaangukie kwenye shitingi iliyotandikwa chini (kumbe shitingi hata Bujumbura ina kazi), yafungwe kwenye mfuko. Yasimwagwe bustanini kwenye lengalenga, wala yasitiwe jikoni kama kuni. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kilicholowa, isifagiliwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Rangi ikishatoka, plafo ya zege ipigwe vishimo kwa patasi, karibu karibu, ili lipu ipate pa kung'ang'ania. Ioshwe vumbi. Kisha warushe kwa mwiko uji mzito wa simenti na mchanga mkali, kipimo kimoja kwa viwili, uache uso wa vipele. Waumwagie maji kidogo kidogo, kesho yake ndiyo lipu, nyembamba, isizidi sentimita moja kwa mara moja. Plafo ya matete tungeshauri irudishiwe lipu ya chokaa na mchanga, si simenti. Chokaa inavumilia matete yanapocheza kwa joto na mvua, simenti inapasuka. Na kama matete yenyewe yameoza, asipoteze pesa: avue yote, asuke mapya. Matete ya Rusizi yapo.

Muda? Tungesema wiki moja ya kukwangua na kukauka kwa chumba kimoja, na ni heri kiangazi, Juni hadi Septemba. Fundi wa siku mbili atanuna. Mwacheni anune, au mlipeni kwa siku badala ya kwa chumba, hapo utaona hana haraka tena.

Mama alisikiliza yote hayo, akacheka. Akasema wajukuu wake wamezaliwa chini ya shitingi, hawajawahi kulala chini ya plafo yoyote, yeye alitaka tu waikute nyeupe. Tukamwambia nyeupe itakuja, ya mwisho. Ametuma pesa ya brashi, sabuni, miwani na vikwaruzo viwili. Ya simenti ameishika mpaka kijana aandike kwamba plafo imekwanguliwa na imepigwa selotepu.

Jibu la barua tutalichapa likifika. Wenye maswali ya nyumba, wekeni karatasi kwenye sanduku letu karibu na dispensari. Mwezi ujao: unyevu unaopanda ukutani kutoka chini.